Upande wa Pili wa Mbao

Jumamosi, 3 Desemba 1994

Mvua imeanza kweli. Mtaa wote wa Majengo ni tope, na Shangazi Josefina ameweka ubao mbele ya duka ili wateja wake wa vitenge wavuke bila kuacha viatu. Mimi namsaidia hapo dukani tangu nimalize kidato cha nne mwaka juzi. Leo ameniachia mchana kwa sababu moja tu, nayo ni Kiingereza.

Habari yenyewe ni hii. Kuna kampuni itafungua ghala la mahindi hapa Sumbawanga baada ya Pasaka. Siku hizi mahindi anauza anayetaka na ananunua anayetaka, si kama zamani tulipomngoja bwana wa ushirika hadi panya washibe. Kampuni inatafuta karani anayejua Kiingereza. Msimamizi wa usaili ni Bwana Yusto, katibu wa jumuiya yetu ya Kikatoliki ya hapa Majengo, na shangazi ameshamjaza maneno kwamba binti wa kaka yake anakijua Kiingereza kama maji.

"Ukiikosa kazi hii, Bertha," kaniambia asubuhi, "unarudi Mollo kwa baba yako ukashike jembe. Mimi nitakuwa sina la kujitetea."

Parokia imeanzisha masomo ya lugha, Jumanne na Jumamosi saa tisa. Ukumbi umegawanywa kwa mbao katikati. Upande wetu Mwalimu Shedrack anafundisha Kiingereza, nasi tumejaa mpaka madirishani. Upande wa pili Sista Kalista anafundisha Kifaransa, na wanafunzi wake wote wanaenea kwenye benchi moja.

Jumanne, 6 Desemba

Barua ya kuomba kazi. Tumeikariri kwa sauti mpaka koo likauma.

Jumanne, 13 Desemba

Leo bati la upande wetu limevuja juu ya meza ya mwalimu, akatuachia mapema. Mvua ilikuwa ya mawe. Wenzangu walikimbia, mimi nikajibanza kwenye mlango wa pili. Sista Kalista akaniona.

"Ingia au toka," alisema, "lakini mlango ufungwe, baridi inaingia."

Nikaingia. Ni mwanamke mfupi, mzaliwa wa huku huku Ufipa, anavaa mabuti meusi ya mvua chini ya kanzu yake ya kitawa. Aliishi Ubelgiji miaka mingi akiwatunza masista wazee. Kifaransa chake amekitoa jikoni na vitandani mwa wagonjwa, kwa hiyo hakufundishi barua ya kuomba kazi. Anakufundisha kusema mchuzi umeungua na nani ameuunguza.

Kwenye benchi walikuwepo wanovisi wawili, wasichana wanaojiandaa kuwa masista, na Flavian, dereva wa lori liendalo bandari ya Kasanga. Sista alimuuliza kila mmoja swali, na kila aliyekosea alichekwa, kisha akacheka na yeye, kisha akajaribu tena. Nilikaa pale nimeloa, nikicheka na watu nisioelewa wanachosema. Nimerudi nyumbani na maneno kumi hivi mdomoni, nikayasema njia nzima kama mwendawazimu.

Jumamosi, 17 Desemba

Nilisimama mbele ya milango miwili. Niliingia wa Sista.

Jumapili, 25 Desemba

Noeli. Wali, kuku, mvua. Shangazi amewaambia wageni wote kwamba nasoma Kiingereza. Nikainuka kuongeza wali.

Jumanne, 10 Januari 1995

Nimejiuliza sana kwa nini lugha moja inanifungua na nyingine inanifunga, na jibu si gumu. Shuleni kwetu aliyekamatwa akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake, na jioni wote waliokivaa walichapwa. Mimi nilikivaa kibao kile kuliko nilivyovaa sweta. Mpaka leo nikitaka kusema Kiingereza nahisi kwanza makalio, ndipo maneno. Kifaransa hakijawahi kunichapa.

Tena kina faida nyingine ambayo siwezi kumweleza shangazi. Leo mimi na Sista tumemsema paroko dirisha likiwa wazi, na yeye mwenyewe anapita nje na mwavuli wake. Akatupungia mkono. Sista akampungia na kuendelea kueleza anavyokoroma kwenye mafungo. Nilitamani kufa kwa kicheko.

Jumanne, 24 Januari

Wanovisi wamehamishiwa Mwimbi. Tumebaki mimi na Flavian.

Jumanne, 31 Januari

Flavian ameacha. Kasema alikuwa anajifunza ili aongee na Wazaire wanaopakia mahindi Kasanga, kumbe wale wanaongea Kiswahili kuliko sisi. "Nimejikaba koo bure, dada," kaniambia barabarani. "Rudi kwa Shedrack, mshikaji wangu. Kifaransa hiki utamwongelesha nani?"

Nimebaki peke yangu kwenye benchi. Sista alinifundisha kwa saa mbili nzima, kwa sauti ile ile ya kufundisha watu wengi.

Jumamosi, 11 Februari

Sikwenda darasani. Nilikwenda Mollo, baba alialika watu kufukia majani. Hatuchomi majani huku kwetu. Tunayalundika na kuyafunika udongo, yaoze ndani ya matuta makubwa tunayoyaita ntumba, na mwakani ndipo shamba linapata nguvu. Mama alikuwa amepika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kwa hiyo watu walifika hata wasioalikwa. Kazi yetu hii haitaki bubu. Mstari unakwenda kwa utani, huyu akimtupia yule neno la Kifipa, na asiyejibu anaachwa nyuma na jembe lake.

Mzee Mboje, jirani yetu Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache iliyopita, alikuwa katikati ya mstari. Ana plau, hana shida na jembe la mkono, ila haachi kuja. Alimtania baba kwa Kifipa mpaka baba akakaa chini. Wakati wa kunywa nikamuuliza, shikamoo mzee, Kifipa umejifunza kwa kazi gani, maana kila mtu hapa anakuelewa kwa Kiswahili.

"Marahaba, binti. Kiswahili kilinitosha kuuza ng'ombe," alisema. "Lakini mwaka wa kwanza nilikaa hapa nakunywa pombe ya watu, wenyewe wanacheka, mimi natazama mtungi tu. Nikasema aka, ng'ombe nitauza kwa Kiswahili, kucheka nako nijifunze."

Ni rahisi kwake. Hakuna shangazi aliyemtangaza mji mzima.

Jumapili, 19 Februari

Ngoja niandike yote, maana sijui kama kesho nitakuwa bado na pa kulala.

Leo jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Ni zamu, kila Jumapili nyumba moja. Baada ya rozari Bwana Yusto akamtambulisha mgeni, mnunuzi wa mahindi kutoka Mbala, Zambia, Mkatoliki mwenzetu, aliyefikia kwake. Ni desturi mgeni akaribishwe kwa maneno machache na mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni shangazi. Akasimama, akarekebisha kitenge, akasema:

"Mgeni wetu ni mtu wa Kiingereza. Basi atakaribishwa na mwanangu Bertha, kwa Kiingereza."

Watu wakageuka wote. Bwana Yusto akakunja mikono kifuani na kutabasamu, na nikajua kwamba usaili wangu umeanzia hapo.

Nilikuwa na sentensi za Mwalimu Shedrack, nilizikariri mwezi wa kumi na mbili. Nilisimama, nikazitafuta, sikuona hata moja. Nilichokiona ni kibao. Mtoto wa jirani akakohoa. Ndipo nikafungua mdomo na maneno yakaja, mengi, yamenyooka, yanafuatana. Nilimkaribisha mgeni, nikamwambia nyumba hii ni yake, nikamweleza kwamba mvua ya mwaka huu ni nyingi lakini mahindi yamependeza, na kwamba shangazi yangu amepika kuku mkubwa kuliko wote na asiondoke bila kumwona. Nilipofika kwa kuku nikagundua kwamba nasema Kifaransa.

Ningenyamaza pale, wangejua. Nikaendelea. Na nikiri, niliendelea pia kwa sababu ilikuwa tamu. Sijawahi kusema mbele ya watu wazima kwa muda mrefu hivyo bila kutetemeka. Utamu huo ndio ulionitia hofu kuliko kosa lenyewe.

Nilipokaa, jumuiya nzima ilipiga makofi. Shangazi alipiga vigelegele. Bibi mmoja alinishika mkono na kusema, "Kiingereza kimekukaa mdomoni, mwanangu." Mgeni wa watu, bila kubadilika uso, alichutama kidogo, akapiga makofi ya taratibu, ya heshima ya kwao, akatushukuru kwa Kimambwe. Kimambwe na Kifipa ni nyumba na ua wake, kila mtu alielewa mpaka watoto. Wakaanza kuulizana habari za mashamba, na mpaka mwisho wa kikao hakuna aliyehitaji lugha ya Mzungu yeyote.

Bwana Yusto hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama.

Jumatatu, 20 Februari

Bwana Yusto alikuja dukani shangazi akiwa sokoni.

"Binti," alisema, "ulichosema jana hakikuwa Kiingereza."

"Hapana, baba. Ni Kifaransa."

"Nilisoma kidogo seminari, nikakijua kwa sauti. Umesema vizuri kuliko mapadre waliotufundisha." Akashika kitenge kimoja akakikunja upya, ingawa kilikuwa kimekunjwa. "Lakini kampuni haitaki Kifaransa. Usaili ni baada ya Pasaka. Rudi kwa Shedrack, ujinoe. Mimi sikusikia kitu jana."

Ningeweza kumbusu mkono. Nimemwona siku zote kama mtu wa kujisikia, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na leo ameniokoa bila hata kukaa.

Jumanne, 21 Februari

Nilimwambia Sista kwa Kiswahili, sikuthubutu kwa Kifaransa. Kwamba kuna kazi, kwamba shangazi, kwamba Pasaka.

"Kazi ni kazi," alisema. "Nenda, wameshaanza."

Hakuninyooshea kidole wala hakunibariki. Alikaa, akafungua kitabu chake. Nilipofika mlangoni akasema nifunge, baridi inaingia.

Upande wa Shedrack nilikaa kwenye benchi lililogusa mbao. Nafasi ilikuwa hapo tu.

Jumamosi, 4 Machi

Bei, uzito, tarehe ya kupakia. Nimejibu maswali mawili, yote sahihi. Upande wa pili nilisikia kiti kikiburuzwa saa tisa na kikiburuzwa tena saa kumi na moja. Katikati kimya. Anakuja, anakaa saa zake mbili, anaondoka.

Jumanne, 7 Machi

Mvua. Kiti saa tisa, kiti saa kumi na moja.

Jumamosi, 11 Machi

Shangazi amenishonea sketi ya usaili, ya bluu iliyokolea, ina mkunjo nyuma. Amenipimisha mara tatu huku sindano mdomoni. Alisema, "Mimi sikupata mtu wa kunishika mkono, Bertha. Darasa la nne wakanitoa nikalee wadogo zangu, baba yako akiwemo. Wewe utakaa ofisini, kwenye kiti chenye magurudumu." Nilidhani anataka kunionyesha kwa watu tu. Sikujua kwamba anataka na yeye kukaa kwenye kiti hicho, kupitia kwangu. Nilimkumbatia akanifokea kwamba nitaharibu upindo.

Jumanne, 21 Machi

Kiingereza kinaniingia. Sikipendi, kinaingia tu.

Jumamosi, 1 Aprili

Mwalimu Shedrack ametangaza habari njema. Upande wa pili hakuna wanafunzi, kwa hiyo paroko amekubali. Kama baada ya Pasaka hakuna aliyejiandikisha, mbao zitatolewa, ukumbi uwe mmoja, nasi tupate pa kunyoosha miguu. Darasa zima likapiga makofi. Mimi nilipiga pia, mikono ilikwenda yenyewe kwa sababu ya wenzangu. Kisha nikakumbuka kwamba mbao hizi zina unene wa kidole, na kwamba saa tisa nilisikia kiti.

Jumamosi, 8 Aprili

Leo upande wa pili hakukuwa kimya. Sisi tulikuwa tunaandika zoezi, ndiyo maana nilimsikia. Sista alikuwa anafundisha. Aliuliza kwa sauti yake ya darasani, jamani mvua imewapataje wiki hii, akangoja kidogo, akajibu kwa sauti nyingine, nyembamba, kwamba imemlowesha mpaka mifupa. Akaisahihisha ile sauti nyembamba. Ikarudia vizuri. Akaisifu.

Hakuwa mgonjwa, wala hakuchanganyikiwa. Namjua. Alikuwa anakizuia Kifaransa chake kisimtoke. Miaka yote ile ameishi ndani ya lugha hiyo, wote waliomzoea kwa lugha hiyo wamekufa au wako mbali, na Sumbawanga hakuna wa kumwambia mchuzi umeungua. Mimi nilidhani ananifundisha. Kumbe na yeye alikuwa anapata wa kucheka naye.

Nilibaki kwenye benchi langu na kumaliza zoezi. Sikuinuka. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Nilimwona Sista nje ya kanisa. Tuliamkiana kwa Kiswahili kama watu wanaofahamiana kidogo.

Alhamisi, 20 Aprili

Usaili. Tulikuwa wasichana na wavulana wengi, sketi yangu ilikuwa nzuri kuliko zote. Ndani alikuwepo Bwana Yusto na mkuu wa ghala kutoka Dar es Salaam. Waliniuliza bei, uzito, tarehe ya kupakia. Nilijibu. Waliniuliza kwa nini naitaka kazi, nikajibu hilo pia, makalio yakiwa yametulia kabisa. Waliandika, wakanongonezana, kisha mkuu akarudi kwenye Kiswahili.

"Umefaulu. Kiingereza chako kina mashimo, lakini tutayaziba. Kampuni inataka uendelee na darasa la parokia, Jumanne na Jumamosi, mwaka mzima. Hilo ni sharti. Unakubali?"

Lilibaki neno moja tu, ndiyo. Bwana Yusto alishaanza kufunga kalamu yake.

"Siku nyingine haiwezekani?" niliuliza.

"Darasa ni siku hizo, binti. Kwani una nini siku hizo?"

Nilifikiria shangazi na sindano mdomoni. Nilifikiria jembe. Nilifikiria yote niliyopaswa kufikiria, sikuruka hata moja, na yote yalikuwa na haki.

"Kuna darasa lingine saa hizo hizo," nilisema. "La Kifaransa. Nisipokwenda linafungwa."

"Kifaransa cha nini?"

"Nakipenda."

Mkuu wa ghala alimtazama Bwana Yusto kama mtu aliyeletewa gunia lenye mchanga. Bwana Yusto aliniuliza polepole kama nina hakika, nikasema ndiyo. Nilitoka. Nje nilikaa kwenye ngazi. Waliniuliza wenzangu kama nimekosa. Nikasema ndiyo, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Ijumaa, 21 Aprili

Nilimwambia shangazi jana hiyo hiyo, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho amesimama.

"Na yale ya jumuiya?"

"Kilikuwa Kifaransa, shangazi."

Akakaa juu ya robota la vitenge. "Nami nikapiga vigelegele," alisema. Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Hicho Kifaransa kitakulisha?"

"Hapana."

"Kitakuoza?"

"Sidhani."

"Basi kinakupa nini?"

Nilitaka kumweleza. Nilisema nikiwa nacho nakuwa mtu mwingine, au ndipo nakuwa mimi, sijui lipi. Nikaona nimemuumiza kuliko kama ningefeli. Kisha akasema Jumatatu kuna gari la kuelekea Mollo, baba yako anakaribia kuvuna ulezi. Sketi akaichukua, akaikunja, akaiweka kwenye vitu vya kuuza.

Jumatano, 26 Aprili

Mollo. Mama hajaniuliza kitu. Baba kauliza mara moja, kwa ukali, kisha akanipa jembe. Mvua zinaelekea kwisha.

Jumamosi, 29 Aprili

Nimetoka nyumbani asubuhi kwa miguu, viatu mkononi. Nilipita dukani kwa shangazi. "Shikamoo." "Marahaba," basi, na macho kwenye vitenge. Kwenye kiti changu nje ya duka palikuwa na msichana mwingine, Debora, binti wa jirani. Nilisimama kidogo nione kama ataniambia niingie. Hakuniambia, nikaenda.

Paroko aliandika jina langu kwa kusitasita. Mtu mmoja, alisema, si darasa. Nikamwambia amwulize Sista kama si darasa. Mbao zimebaki, na Mwalimu Shedrack hajanisamehe.

Sista alikuwa amekaa na kitabu. Hakushtuka, au alijizuia. Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba nimefukuzwa nyumbani kwa shangazi, nimeikataa kazi, nimetembea kutoka Mollo na kisigino kimechubuka. Alinisahihisha neno la kisigino. Akaniuliza kama nina akili. Nikasema sina hakika, akaniambia sentensi hiyo iko sawa kabisa, haina kosa hata moja.

Sijui nani alianza. Tulicheka mpaka akavua miwani akajifuta macho, na kila tukitaka kunyamaza mmoja anarudia neno, tunaanza upya. Upande wa pili walikuwa wanakariri barua. Wakatulia. Kisha Mwalimu Shedrack, mwenye watu wake wote wale, akagonga mbao akituomba tupunguze kelele, hawasikilizani.